Land Rover 109 imetoka ovahoo alafu presha ya oili imepanda kupita kiasi: tafuta shida kwa kuangalia mshale unavyotembea

Injini imefungwa upya, krenki imechongwa, beringi mpya, ringi mpya, pampu mpya, oili mpya ya dhahabu, unapiga stata inawaka vizuri kabisa alafu unatupia jicho geji unakuta mshale umekimbia mpaka 90 psi (pauni kwa inchi ya mraba) na hauna mpango wa kurudi. Hapo fundi atakwambia hiyo ndo raha ya injini mpya, presha ya kumwaga, wewe endesha tu. Jamaa aliyesimama pembeni atakwambia zima haraka utapasua kitu. Na kila mmoja anaweza kuwa sahihi, kwa sababu hiyo 90 peke yake haisemi chochote. Usiangalie mshale umefika wapi, angalia unatembeaje, kuanzia injini ikiwa ya baridi mpaka imechemka vizuri, na kuanzia sailensi (injini inazunguka pole bila kukanyaga mafuta) mpaka kwenye resi. Ukishaijua hiyo tembea ya mshale utajua ufungue nini na usifungue nini, na kwenye hii injini hilo ni jambo kubwa maana rilifu valvu yenyewe, ile ya kuachia presha ikizidi, iko ndani ya sampu, bakuli la oili chini ya injini.

Naongelea injini ya petroli ya 2.25, cc 2286, ile ya Series II, IIA na III, iwe mia na tisa au themanini na nane, yaani inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Nimechagua hiyo kwa sababu ndo zimejaa huku kwetu na tangu lile tamasha la Land Rover la Arusha 2024 naona watu wanazitoa kwenye majani nyuma ya nyumba wanazifufua. Kama una Morris au Mini ya zamani mambo ni yale yale, ila wewe una bahati, valvu yako iko nje ya bloku chini ya nati ya kofia, unaitoa kwa spana moja umesimama. Beetle nayo inafunguliwa kwa chini bila kugusa injini. Sisi wa Land Rover tunalala chini ya gari.

Tuanze na namba za kiwanda ili tusibishane. Injini ikiwa ya moto, gia ya nne, spidi kama kilomita 50 kwa saa, presha inatakiwa iwe kati ya 35 na 65 psi. Kama geji yako imeandikwa kilo au bar hiyo ni kama 2.5 mpaka 4.5. Angalia kwanza geji yako inasoma kwa kipimo gani, kuna mtu anashtuka ameona 4 anadhani injini imekufa, mwingine anaona 60 anadhani imepitiliza, kumbe wote wana presha ile ile.

Alafu kitu kingine cha kukielewa kabla ya kushika spana. Pampu haitengenezi presha. Pampu inasukuma oili tu, kila ikizunguka inatoa kiasi kile kile, presha inatokea pale oili inapobanwa kupita kwenye nafasi ndogo, na nafasi zenyewe ni zile kati ya beringi na krenki, beringi na kamshafti, roka na shafti yake. Injini iliyochoka hizo nafasi zimetanuka, oili inapita kama maji kwenye bomba lililotoboka, presha hamna. Injini mpya nafasi ya beringi ni kama 2 mpaka 6 ya sehemu mia za milimita, oili inabanwa, presha inapanda. Kwa hiyo kupanda ukilinganisha na ulivyozoea ni kitu cha kutegemea kabisa, wewe umezoea mshale wa injini mfu. Sasa presha isipande milele ndo ikawekwa rilifu valvu kwenye bodi ya pampu, kidude cha kawaida sana, gololi, plunja (kipistoni kidogo kinachoteleza), springi na plagi ya kufungia. Presha ikifika kiwango springi inakubali, oili iliyozidi inarudi kwenye sampu. Basi. Shida zote za presha kubwa ni ama geji inakudanganya, ama oili ni nzito, ama hicho kidude hakifunguki inavyotakiwa, ama oili haina pa kupita huko mbele.

Kabla ya yote, geji

Hizi gari nyingi zilitoka kiwandani na taa tu ya oili, geji ilikuwa kitu cha kuongeza. Maana yake geji uliyonayo kwenye dashi kuna uwezekano mkubwa ilifungwa baadae na mtu wa umeme kwa kile alichokipata dukani siku hiyo. Ndo maana mimi mshtakiwa wa kwanza ni geji siku zote.

Kipimo cha kwanza hakihitaji hata kuwasha injini. Washa swichi tu, injini imezima. Mshale unatakiwa ukae sifuri. Kama umepanda juu na injini haizunguki basi acha kabisa kuwaza pampu, shida ni ya umeme. Kuna senda (kile kidude kwenye injini kinachopeleka presha kwenye geji kwa waya) za aina mbili kubwa mtaani na hazipatani. Za VDO zinaanzia kama omu 10 presha ikiwa sifuri zinapanda mpaka kama 180 presha ikijaa, za Kimarekani ni kinyume, zinaanzia 240 zinashuka mpaka 33. Ukifunga senda ya Kimarekani kwenye geji ya VDO, geji inaona omu 240 inadhani presha imejaa kupita mwisho, mshale unagonga ukuta gari likiwa limezimwa. Na VDO waya ukikatika pia geji inasoma juu kabisa, wakati ile ya Kimarekani inasoma juu waya ukichubuka ukagusa bodi. Kwa hiyo ukichomoa waya kwenye senda na kuugusisha kwenye chuma utaona mwenyewe geji yako ni ya ukoo gani.

Kuna lingine dogo ambalo linawasumbua watu sana, ile tepu nyeupe ya mafundi bomba. Fundi anaizungusha kwenye nyuzi za senda mara nyingi ili isivuje, sasa senda ya waya mmoja inachukua ethi kupitia nyuzi hizo hizo, ethi ikiwa mbovu omu zinaongezeka na geji ya VDO inasoma presha kubwa kuliko iliyopo. Toa tepu, safisha nyuzi, tumia waswa ya kopa. Na ukiona geji ya joto na ya mafuta nazo zimepanda pamoja na ya oili angalia kile kidude cha kushusha umeme nyuma ya dashi mpaka volti 10, kikifa au kikikosa ethi geji zote zilizopita hapo zinaongopa kwa pamoja.

Hata kama geji inaonekana nzima, kabla ya kushusha sampu azima geji ya mekanika, ile ya bomba jembamba linaloleta oili yenyewe mpaka kwenye geji. Toa swichi ya taa ya oili kwenye injini, funga hiyo geji mahali pake, soma. Angalia tu nyuzi zinafanana, usilazimishe. Na ujue sehemu unayosomea iko kabla au baada ya filta, maana kama iko kabla na filta imeziba au umefunga elementi isiyo ya kwake, geji itakuonyesha presha kubwa wakati huko kwenye beringi oili inafika ya shida.

Soma sasa mshale

Zungusha gari barabarani nusu saa hivi. Usipime ikiwa imesimama dakika tano nyumbani, geji ya maji itakwambia injini imechemka lakini oili bado, oili inachelewa sana kupata moto kuliko maji. Ukirudi, mtu mmoja akanyage mafuta mwingine aandike: sailensi, 1500, 2000, 2500, 3000. Kama huna geji ya rpm sikiliza tu, sailensi, resi kidogo, resi ya kati, resi ya mwendo wa barabarani. Andika kwenye karatasi.

Injini nzima inapanda kadri unavyoongeza resi alafu inafika mahali inatulia, mfano sailensi 30, 1500 iko 48, 2000 iko 58, 2500 iko 62, 3000 bado 62. Hapo valvu imefunguka na inafanya kazi. Hata sailensi ikiwa 40 au 45 mimi simgusi mtu, hiyo ni injini mpya imebana vizuri, itashuka yenyewe kidogo kidogo kadri vyuma vinavyozoeana. Ukikuta hivi na shida yako ilikuwa 90 asubuhi, soma hapa chini kuhusu baridi uende ukanywe chai.

Sura zenye kasoro ziko tatu na kila moja inaelekea upande wake. Kuna ile inayopanda na resi bila kutulia popote, 35, 55, 75, 90, unaona kabisa ukikanyaga zaidi itapanda zaidi: valvu haifunguki, imekwama. Kuna ile inayopanda na kutulia vizuri ila inatulia juu, labda 85: valvu inafunguka ila springi ni ngumu au imebanwa. Na kuna ile ya ajabu zaidi ambayo watu wanaifurahia, sailensi 60, resi 62, mshale umesimama kama mlinzi wa benki. Hiyo valvu yako ni nzima kabisa na inafanya kazi mda wote, hata sailensi, kwa sababu oili haina pa kupita. Hii ya mwisho ndo ya kuogopa, na ndo ambayo geji yake inaonekana nzuri kuliko zote.

Baridi iko 80 au 90, ikichemka inashuka

Hii ni oili. Oili ya baridi ni nzito, valvu inafunguka lakini kitundu chake hakiwezi kupitisha oili nzito yote inayosukumwa, kwa hiyo presha inazidi kiwango mpaka ipate moto. Ukiwa Njombe au Makete mwezi wa saba, au Limuru asubuhi, 80 ya kuwashia kwenye injini mpya sio habari. Dar au Mombasa nitauliza umeweka oili gani.

Na mara nyingi jibu ni SAE 40 au 50, ile oili yenye namba moja tu bila W, kwa sababu injini ya zamani ilizoea hiyo, ilikuwa inakula oili na presha haipo ndo fundi akashauri oili nzito. Sasa injini imekuwa mpya ila ushauri umebaki ule ule. Weka 20W-50, kwa joto letu inatosha kabisa. Na zile chupa za kuongezea uzito zinazouzwa sheli kama dawa ya injini, kwenye injini mpya hazina kazi yoyote zaidi ya kukuharibia vipimo. Usiende upande wa pili pia, kuna wanaomwaga 5W-30 ya gari la kisasa ili geji ishuke, geji itashuka kweli.

Kama injini ilifungwa na grisi au dawa nzito ya kupaka wakati wa kufunga, siku za mwanzo itasoma juu pia. Mwaga oili ya mwanzo mapema pamoja na filta, sampu inachukua lita 6.25 na filta inabeba kama 0.85 juu yake. Mpaka ipate moto usipige resi, presha ikiwa 90 wewe endelea kukanyaga utasukuma sili ya kopo la filta nje, na kopo likitoa sili oili inaisha chini ya gari kabla hujapata pa kusimama.

Ya moto, inapanda na resi bila kutulia

Shusha sampu, hakuna njia ya mkato. Inua chesi mbele ekseli ining'inie upate nafasi, weka stendi za maana, sio jeki peke yake na tofali. Pampu imeshikwa na bolti mbili zenye loki, ikitoka iweke kwenye meza safi yenye mwanga.

Fungua plagi ya valvu taratibu kwa sababu springi iko nyuma yake. Itatoka springi, plunja, gololi. Sasa shika plunja uitazame kwenye jua ukiigeuza pole pole. Unatafuta mkwaruzo wa urefu, au kanundu kadogo kanakong'aa kuliko sehemu nyingine, au alama nyeusi upande mmoja tu ikionyesha inakwenda imeinama. Pitisha ukucha. Ukucha ukikwama hata kidogo ndo hapo hapo. Alafu tundu lake kwenye bodi ya pampu, safisha na petroli, puliza upepo, angalia ndani kwa tochi. Bloku ikitoka kuchongwa huwa inabeba unga wa chuma na wa mawe ya kusagia kwenye njia zake za oili, ukioshwa juu juu unabaki mle, alafu injini ikiwaka unga unasafiri, na sehemu yenye nafasi ndogo kama hii ndo unapenda kukaa. Silikoni nayo, fundi anapaka kwenye gasketi ya sampu kama anapaka siagi mkate wa harusi, inayobanwa ndani inakauka inakuwa vidonge, vinadondoka, vinavutwa.

Kipimo chake: dondosha tone la oili safi kwenye plunja, irudishe kwenye tundu bila springi, inamisha pampu. Inatakiwa iteleze yenyewe kwa uzito wake mpaka chini bila kusukumwa, igeuze na irudi hivyo hivyo. Ikisita mahali, sugua kidogo na msasa wa maji namba 1000 au zaidi wenye oili, kidogo tu, unatoa nundu hupunguzi chuma. Ukikuta tundu lenyewe limekwaruzika usipoteze mda, tafuta bodi nyingine. Pampu mpya ya sanduku sio dhamana, nyingine zinatoka na makombo ya kiwandani humo humo, kwa hiyo hata mpya mimi naifungua kabla haijaingia.

Inatulia vizuri, ila inatulia 80 na kitu

Hapa naomba ukae kidogo maana hii ndo ya huku kwetu hasa.

Injini ya zamani ilipoanza kuchoka na taa ya oili ikaanza kuwaka sailensi, ovahoo ni pesa nyingi, sasa kuna fundi alifungua hiyo plagi akaweka waswa nyuma ya springi. Wengine wanaweka nati ndogo, wengine kipande cha chuma walichokata wenyewe. Springi ikibanwa zaidi valvu inachelewa kufunguka, presha inapanda kidogo, taa inazima, gari linauzwa. Hiyo ilipita miaka na wamiliki wawili watatu. Leo wewe umefanya ovahoo ya ukweli, beringi mpya zote, ila pampu ilionekana nzima ikarudishwa kama ilivyo, na ile waswa bado iko ndani inafanya kazi yake kwa uaminifu. Zamani ilikuwa inasaidia injini ambayo haikuweza kufika 50, sasa inaishikilia injini nzima ipande mpaka 85.

Kwa hiyo ukitoa springi angalia ncha zote mbili na ndani ya plagi. Kukiwa na kitu utakijua, kina duara la kung'aa pale springi ilipokuwa inakikalia. Toa. Alafu angalia kinyume chake, waswa ya nje ya plagi ambayo kweli inatakiwa kuwepo: ikiwa haipo au umeweka nyembamba sana, plagi inaingia ndani zaidi na springi inabanwa zaidi, matokeo ni yale yale. Na springi yenyewe pima urefu wake ikiwa huru ulinganishe na ya kitabu cha gereji au na ya pampu nyingine unayoiamini, maana kwenye kasha la spea za kuchanganya springi zinafanana sana kwa macho.

Usikate springi. Nimeona watu wanapunguza koili kwa grainda ili presha ishuke, na inashuka, ila sasa huna tena springi ya kiwango, una springi ya kubahatisha ambayo ncha yake imeinama inasukuma plunja upande. Springi haina bei ya kukufanya ufanye hivo.

Kuna watakaouliza kwani 85 inadhuru nini. Kwenye hii injini pampu inazungushwa na gia ya pembeni inayotoka kwenye kamshafti, na gia hiyo hiyo ndo inazungusha distributa. Kila psi unayoongeza ni mzigo kwenye yale meno. Meno yakianza kulika taiming nayo inaanza kucheza, unahangaika na platini na kabureta wakati ugonjwa uko kwenye oili. Ongeza na kopo la filta kama nilivyosema. Faida kwa beringi ni sifuri, beringi inataka oili ifike ya kutosha, haihitaji kupigwa nayo.

Sailensi na resi ni ile ile, mshale umesimama

Ukishahakikisha na geji ya mekanika kuwa ni kweli, na oili sio nzito, zima injini usiendeshe. Fungua kofia ya valvu juu, washa sailensi kwa mda mfupi uangalie roka. Kila roka inatakiwa itoe oili ya kuchuruzika, sio kuruka, kuchuruzika tu. Njia ya roka peke yake ni ndogo, ikiziba haiwezi kupandisha presha ya injini nzima, lakini ukikuta kavu ujue huko njiani kuna mambo. Anza na gasketi ya silinda hedi, tundu la oili linakaa sawa na la bloku au gasketi imefungwa ya injini nyingine? Alafu shafti ya roka, imewekwa upande wake na skrubu ya kuishika imeingia tundu lake?

Kubwa zaidi ni beringi. Za kamshafti zinaingizwa kwa kugongwa kwenye bloku na kila moja ina tundu lake la oili, ikizunguka kidogo wakati wa kuingia tundu halikutani na la bloku, njia imefungwa. Beringi za mein, zile zinazoshika krenki kwenye bloku, kipande chenye tundu la oili kinakaa upande wa bloku, ukikiweka upande wa kofia na kisicho na tundu juu, umeziba mein hiyo na konrodi inayolishwa nayo. Presha itasoma vizuri sana mpaka siku hiyo beringi itakapoanza kugonga, na haitachukua mda.

Kisha kuna kubana kupita kiasi. Watu hapa wanasema labda krenki imechongwa ishirini (sehemu elfu za inchi) zikafungwa beringi za thelathini. Hapana, tofauti ya size moja ni robo ya milimita, nafasi yenyewe ni sehemu chache za mia za milimita, injini hiyo isingezunguka hata kwa mkono. Kinachotokea ni mchongaji kuacha krenki nene kwa sehemu mbili tatu za mia za milimita, au kofia za mein kubadilishana nafasi. Toa plagi zote nne za moto, chukua hendeli yako, hii gari ina bahati ya kuwa na hendeli, zungusha kwa mkono mmoja. Ringi mpya zitakupa uzito lakini uzito wa sawasawa mzunguko mzima. Ikikaza sehemu moja na kuachia sehemu nyingine, au ikakataa baada ya kuchemka wakati ya baridi ilikubali, fungua kofia za mein upime na ule uzi wa plastiki wa kupimia nafasi. Kubwa la kumwambia fundi hapo ni kwamba hatuna haraka.

Inarukaruka, saa nyingine 60 saa nyingine 95

Plunja inakwama na kuachia, mara nyingi uchafu. Lakini kabla ya hapo tikisa waya wa senda injini ikiwa inazunguka. Kama geji ya mekanika imetulia na ya umeme inaruka, umeshajua.

Inavuja huku nyuma, ni presha?

Kwenye filta, kwenye swichi ya oili, kwenye bomba la geji, ndio, hizo sehemu zinakaa na presha yote ya pampu. Lakini oili inayodondoka kwenye kale katundu ka chini ya kasha la klachi, ile sili ya nyuma ya krenki, haiguswi na presha ya geji. Oili ikishatoka kwenye beringi inadondoka tu, sili inazuia michirizi na hewa ya ndani ya injini. Kwa hiyo ukikuta inavuja hapo angalia briza (tundu la kupumulia la injini) imeziba au ringi bado zinapitisha moshi chini, au sili ilikaa vibaya wakati wa kufunga. Kushusha presha kutoka 80 hadi 60 hakutaponya hapo hata tone.

Ukimaliza kurekebisha na kurudisha sampu, toa plagi za moto kwanza, piga stata mpaka geji ipande ndo uzirudishe na kuwasha, maana pampu uliyoifungua imekauka. Ijaze oili kabla ya kuifunga itashika haraka zaidi. Rudia kipimo kile kile cha karatasi, ya moto, hatua zile zile za resi. Oili na filta vibadilishwe tena kama kilomita 500 hivi, na elementi ya zamani ikate uifungue uitandaze juani: unga wa kijivu kidogo ni wa kuzoeana, vipande vya rangi ya fedha au ya kopa unavyoweza kuvihesabu ni beringi, hapo sampu inashuka tena siku hiyo hiyo.